Uzi wa The Replacements: walevi wa Minneapolis waliotunga nyimbo za kuumiza roho

Boksi la Kaskazini (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Kwenu usiku umeingia, kwangu ni saa saba mchana na ndiyo kwanza nimeamka. Mimi boksi nabeba usiku.

Leo sina siasa wala umbea wa mastaa. Nataka tuongelee bendi moja ya huku Minneapolis, The Replacements. Jina lenyewe ni kama kusema wachezaji wa akiba, wale wanaoingizwa kipindi cha pili mtu wa maana akishaumia. Walipiga rock kuanzia 1979 hadi 1991, hawakutoboa, na karibu kila mlango uliofunguliwa mbele yao waliufunga kwa teke. Lakini nyimbo zao, jamani.

Nilivyowajua mimi ni hivi. Nimefika huku 2016, nikapata zamu ya usiku kwenye ghala. Mwenzangu wa upande wa kupakia alikuwa mzee mmoja wa Kizungu, mkimya, ana gari bovu lenye deki ya kaseti. Januari moja, nyuzi 26 chini ya sifuri, basi langu halikutokea, akanipa lifti. Akasukuma kaseti ndani. Gitaa kavu lisilo la umeme, halafu sauti ya mtu kama mwenye mafua, anamwongelea jamaa ambaye kila jioni yuko baa ileile, wahudumu wameshamzoea, na nje majani yanapukutika. Dramu hakuna. Kiingereza changu enzi hizo kilikuwa cha kuombea maji, lakini nilielewa. Nikamwona baba yangu mdogo kwenye kiti chake cha plastiki pale grosari, Tabora. Nikageukia dirishani nikajifanya naangalia theluji.

Wimbo unaitwa Here Comes a Regular. Nikipata wachangiaji naendelea, kama hakuna naenda kufua.

Kijiwe Nongwa
Siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Mgusii wa Brooklyn Park
Kaka, mimi niko hapahapa Minnesota miaka 14, sijawahi sikia hao watu. Mimi najua Prince tu. Una uhakika ni wa huku?

Boksi la Kaskazini
@Mgusii wa Brooklyn Park, ndugu yangu, siku ukishuka mjini pita First Avenue, ule ukumbi mweusi wa kona uliokuwa kituo cha mabasi ya Greyhound zamani. Ukutani nje wamechora nyota nyingi zenye majina ya waliopiga pale. Ya Prince wameipaka dhahabu. Ya hawa ipo pia, nyeupe kama za wengine, wewe umekuwa unaipita tu ukiwahi basi.

Haya, tuanze mwanzo.

Kusini mwa mji kulikuwa na kijana anaitwa Bob Stinson. Utoto wake ulikuwa mgumu, nyumbani alipigwa, na sehemu ya ujana akaimalizia kwenye taasisi za watoto watukutu. Alipoona mdogo wake Tommy naye ameanza kuinyemelea njia hiyohiyo, akamtwisha gitaa la besi. Tommy alikuwa na miaka 11 na hakuulizwa kama anataka. Bob solo, dogo besi, rafiki yao Chris Mars kwenye dramu, wanatwanga kelele ndani ya nyumba ya mama, Bryant Avenue.

Sasa kulikuwa na kijana mwingine, Paul Westerberg, mfagiaji kwenye ofisi ya seneta. Akitoka kazini anarudi kwa miguu. Siku hiyo akapita pale, akasikia ile vurugu, akajibanza kwenye vichaka asikilize. Alipokuja kuingia ndani, akakuta wana mwimbaji tayari. Paul akamvuta yule mwimbaji pembeni, akamwambia wenzako wanataka kukutema. Jamaa akaondoka mwenyewe. Kwa hiyo bendi hii ninayoisifia kwa ukweli, mlango wake wa kuingilia ulikuwa uongo. Sijui mnalionaje hilo. Mimi huwa linanichekesha na kunitisha kwa pamoja.

Kwanza walijiita The Impediments. Wakaenda kupiga kwenye ukumbi wa kanisa wakiwa wamelewa chakari, wakatimuliwa, na kwa kuogopa jina limeshachafuka mji mzima wakageuka The Replacements.

Dada wa Kiyovu
Habari za hapa jamvini. Mimi niko Kigali, nasoma kimya kimya. Swali: hawa ni wale wa "andagraundi" kama tunavyosema kwa wasanii wachanga, au andagraundi kwa maana nyingine?

Boksi la Kaskazini
Swali zuri dada. Kwetu andagraundi ni mtu anayesubiri kutoka. Akitoka, si andagraundi tena. Kwa Marekani ya miaka ya 80 andagraundi ilikuwa pia mtandao kamili, una njia zake: maduka madogo ya santuri, lebo ndogo, redio za vyuo, baa zenye watu 30, na gari moja bovu la kuzunguka nalo nchi nzima. Mtu angeweza kuishi humo miaka kumi, akaheshimika, na jirani yake asijue anafanya kazi gani.

Mlango wao kwenye huo mtandao alikuwa Peter Jesperson. Huyu alikuwa meneja wa duka la santuri la Oar Folkjokeopus, kona ya mtaa wa 26 na Lyndale, na ni mmoja wa walioanzisha lebo ndogo ya Twin/Tone. Mwaka 1980 Paul alimpelekea kaseti akitafuta tu nafasi ya kupiga baa. Jesperson akamuuliza kama wanataka kutoa singo au albamu nzima. Mfagiaji wa ofisi, anaulizwa hivyo.

Agosti 1981 ikatoka Sorry Ma, Forgot to Take Out the Trash, nyimbo 18 ndani ya dakika zisizofika 40. Mpiga besi ana miaka 14.

Mtumishi wa Bwana
Rock ni muziki wa mashetani. Nimemaliza.

Kijiwe Nongwa
@Mtumishi wa Bwana hujamaliza, utarudi tu. Uzi mtamu huu.

Fundi Spika
Mimi nimefunga vyombo vya muziki kwenye kumbi za Dar miaka 22, na bendi za walevi nazijua kuliko wewe mleta mada. Mlevi hana ukweli. Mlevi ana sauti kubwa. Unatuletea watu waliochezea bahati halafu unasema wana nyimbo za kuumiza roho. Anayeumia ni fundi aliyebeba spika tangu saa nne asubuhi, halafu mwimbaji anapanda hajui afungue mdomo wapi.

Boksi la Kaskazini
@Fundi Spika mzee wangu, sikupingi kwa asilimia mia. Lakini ngoja nikupe jambo moja, maana kwangu ndiyo roho ya uzi huu.

Paul alikuwa na maisha mawili ya utunzi. Mchana, mazoezini, alileta nyimbo za kasi na kelele, kwa sababu Bob hakutaka mambo ya kubembeleza. Usiku alijifungia peke yake na kinasa sauti, anatunga vitu vya taratibu vya mtu mpweke, halafu kanda anampelekea Jesperson kimya kimya, wenzake wasijue. Kulikuwa na mmoja, You're Getting Married. Ulipofikishwa kwa bendi, Bob akasema huo uweke kwa ajili ya albamu yako mwenyewe. Ukawekwa kando miaka na miaka.

Mwaka 1981 kuna singo yao ya kelele, I'm in Trouble. Igeuze upande wa pili: Paul peke yake na gitaa kavu, anaimba upweke wa mtu aliyetoka baa. Wimbo wa kwanza wa maana kutoka kwao ulikuwa umefichwa mgongoni mwa santuri. Kwenye albamu ya Hootenanny ya 1983 kuna Within Your Reach, alipiga vyombo vyote mwenyewe, wenzake hawamo.

Kwa hiyo mimi naona zile vurugu za jukwaani zilikuwa blanketi. Kijana wa mtaa wa wafanyakazi, marafiki zake wote wababe, ana aibu kuonekana anaumia. Akiimba wimbo wa kulia lazima aufunike na nyimbo tatu za matusi.

Mama Kaseti
Hapo mwanangu umenena. Wanaume ndivyo mlivyo, anakuambia anakupenda halafu anacheka haraka haraka ili ionekane utani. Endelea, mimi na chai yangu.

Boksi la Kaskazini
Shikamoo mama. Naendelea.

Oktoba 1984 wakatoa Let It Be. Ndiyo, jina la albamu ya The Beatles, walimchokoza Jesperson kwa sababu yeye alikuwa mfuasi wa kufa wa Beatles. Picha ya jalada, wanne wamekaa juu ya paa la nyumba ya kina Stinson, wamechoka, hakuna pozi. Aliyewapiga picha ni Daniel Corrigan. Waliwaza nini pale juu sijui, lakini wanafanana na vijana wa kijiweni saa kumi jioni siku ambayo hakuna aliyepata kibarua.

Humo ndani kuna utani wa kijinga, kuna wimbo wa bendi ya KISS wamerudia, halafu ghafla unakutana na Unsatisfied. Gitaa kavu linafungua, halafu Paul anaanza. Maneno ni machache sana, karibu sentensi mbili anazizungusha, lakini sauti inapasuka kidogo kidogo mpaka mwisho inakuwa kama ya mtu anayemkaba mtu koo amjibu swali. Mimi na Kiingereza changu nilikuwa nasubiri beti la pili linieleze tatizo lake ni nini. Halielezi. Huyo mtu hajaridhika, basi, na anakuuliza kama wewe umeridhika.

Unaofunga albamu ni Answering Machine. Paul na gitaa moja la umeme, dramu hakuna. Amempigia mpenzi wa mbali, imepokea mashine. Anabaki anapigizana kelele na mashine. Kama umewahi kuwa na mtu ng'ambo ukasikia "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa" mara kumi na moja usiku mmoja, huo wimbo ni wako.

Kijiwe Nongwa
Umenichoma bila sindano mkuu. Mara kumi na moja. Ulijuaje.

Mgusii wa Brooklyn Park
Haki hii kitu ya mteja hapatikani imenimaliza. Mwaka 2010 nilinunua kadi za kupiga simu Kisii mpaka nikakosa ya rent. Basi, nimeanza kusikiliza hiyo Let It Be nikiendesha. Ule wimbo wa kwanza una gitaa tamu sana, nani anapiga?

Boksi la Kaskazini
@Mgusii, huo ni I Will Dare, na solo yake alipiga Peter Buck wa bendi ya R.E.M., alikuja kama mgeni. Mwaka ule kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice la New York iliiweka Let It Be nafasi ya 4. Ya 2 ilikuwa Purple Rain ya Prince wako. Mji mmoja wenye baridi ya kukata masikio, albamu mbili kwenye nne bora za nchi. Prince aliuza mamilioni. Hawa waliendelea kulala sakafuni kwa mashabiki.

Fundi Spika
Nauliza tena, shoo zao zilikuwaje? Santuri haisemi ukweli. Jukwaa ndilo linasema.

Boksi la Kaskazini
Mzee, hapo umenishika.

Shoo zao zilikuwa bahati nasibu. Leo wanapiga mpaka unasahau jina lako, kesho wanaanza nyimbo za watu wengine wasizozijua, wanaacha katikati, wanacheka. Bob alizoea kupanda na gauni. Novemba 1984 walipiga Oklahoma City, watu wachache, na fundi wao wa sauti akamwona shabiki mmoja anawarekodi kwa siri. Akamnyang'anya kanda. Nyumbani wakaisikiliza, wakaipenda ilivyo mbovu, na mwaka 1985 Twin/Tone wakaitoa kama kaseti rasmi. Nyimbo za Led Zeppelin, Jackson 5, R.E.M., kila wimbo unaanguka njiani kama bodaboda iliyoishiwa mafuta.

Mwaka huohuo wakasaini na lebo kubwa, Sire, wakatoa albamu ya Tim. Januari 18, 1986 wakaitwa Saturday Night Live, televisheni ya nchi nzima, moja kwa moja. Nafasi ile ilikuwa ya The Pointer Sisters, ikawaangukia wao. Wachezaji wa akiba kweli. Wakapanda wamelewa, Paul akatoa tusi hewani, na kati ya wimbo wa kwanza na wa pili wakabadilishana nguo. Bendi ikapigwa marufuku pale.

Lebo ikataka video. Wimbo ni Bastards of Young, wimbo wa kizazi ambacho wazazi hawana cha kukirithisha. Wao wakatoa video ya spika. Nyeusi na nyeupe, spika inatikisika, kuna mtu kakaa kwenye kochi anavuta sigara, uso humwoni. Mwisho anainuka, anaipiga spika teke.

Fundi Spika
Anaipiga teke? Spika nzima, inafanya kazi?

Boksi la Kaskazini
Nzima, mzee. Samahani.

Fundi Spika
Sina la kuongeza.

Chizi Gitaa
Nimechelewa kuuona uzi. Mkuu umesahau Left of the Dial, ya humohumo kwenye Tim! Huo ndio wimbo bora wa bendi yoyote kuhusu redio. Eleza basi, wewe si ndiye mwenye uzi.

Boksi la Kaskazini
Sijasahau, nilikuwa nauhifadhi. @Fundi Spika huu utaupenda.

Kwa huku FM ile sehemu ya chini, 88.1 hadi 91.9, imetengwa kwa vituo visivyo vya biashara: vyuo, jamii, dini. Kwenye redio ya kuzungusha kitufe, sindano inakuwa mkono wa kushoto kabisa, ndiyo hiyo left of the dial. Hapo ndipo bendi kama hizi zilipokuwa zinapigwa, na masafa yenyewe mafupi, ukitoka mjini kidogo kituo kinakufa. Paul alikuwa amempenda msichana wa bendi nyingine. Wote wako barabarani, kila mtu na gari lake, hawakutani. Siku moja anasafiri, anamsikia kwenye kituo cha chuo, kisha mkwaruzo ukaja ukammeza. Wimbo wote ni hilo tu. Mapenzi yanapimwa kwa nguvu ya transmita.

Fundi Spika
Huo nitausikiliza.

Mama Kaseti
Enzi zetu tukiwa Mpanda tulikuwa tunaipata RTD usiku tu, mchana kimya. Baba yenu alinichumbia kwa salamu za redio, na siku jina langu lilipotajwa masafa yakapotea. Niliambiwa na jirani. Basi huyo kijana namwelewa.

Kijiwe Nongwa
Mama Kaseti fungua uzi wako, tunakuomba.

Dada wa Kiyovu
Yule Bob aliyempa mdogo wake gitaa, ikawaje? Mbona kama umeanza kumkwepa.

Boksi la Kaskazini
Nimemkwepa kweli dada. Ngoja nipate chai.

Bob alikuwa injini ya zile kelele. Kadiri nyimbo za Paul zilivyozidi kutoka mafichoni, nafasi ya Bob ikazidi kusinyaa. Here Comes a Regular hana cha kupiga pale. Na pombe na dawa zikamzidi. Mwaka 1986 wakamwondoa kwenye bendi aliyoianzisha yeye. Aliyebaki na besi ni yule mdogo wake. Mwaka huohuo wakamwondoa na Jesperson, yule aliyekuwa anapokea kanda za usiku.

Hili ndilo linanikwaza mpaka leo. Wote wanne walikuwa wanakunywa. Kilichokuwa kichekesho cha bendi kwa miaka saba kikaja kuwa kosa la mtu mmoja. Najua mtaniambia Bob alikuwa amevuka mpaka, na ni kweli, bendi isingeweza kuendelea naye. Lakini baa zilijaa watu waliokuja kumwona Bob akiwa vile. Walilipa kiingilio.

Baada ya hapo alipiga kwenye bendi ndogo za mji, akafanya kazi ya upishi mgahawani. Alifariki Februari 1995, mwili umechoka kwa miaka ya pombe na dawa. Alikuwa na miaka 35.

Kuhusu baba yangu mdogo niliyemtaja juu, grosari walikuwa wanampenda sana. Alikuwa anawachekesha. Siishii hapo kwa ubaya, sina tu la kuongeza.

Mama Kaseti
Pole mwanangu.

1995 ndiyo mwaka tuliompoteza Marijani Rajabu vilevile. Jabali la Muziki, nyimbo zake kila nyumba ilikuwa nazo, na mwishoni alikuwa anauza kanda ili maisha yaende. Sisemi ni sawa na huyo Bob, Marijani alikuwa mwimbaji mkubwa hasa. Nasema mwaka umenikumbusha.

Chizi Gitaa
Na kanda zenyewe mama, bendi zetu zilirekodi RTD, kanda zikabaki RTD. Mwanamuziki hana chake. Mkuu, wasimulie wale Replacements walifanya nini na kanda zao, maana wao waligoma kivyao.

Boksi la Kaskazini
Hahaha, asante kwa kunitoa kwenye majonzi.

1987. Wamerudi kutoka Memphis walikorekodi albamu ya Pleased to Meet Me kwenye studio ya Ardent chini ya Jim Dickinson, wakiwa watatu tu, bila Bob. Wanaamini Twin/Tone haiwalipi inavyotakiwa. Wakaingia ofisini kwa lebo, wakabeba kanda, wakazitupa mto Mississippi. Baadaye ikaonekana nyingi hazikuwa kanda mama zenyewe, ndiyo maana leo tunasikiliza. Mto wenyewe huo unashuka hadi Memphis, kwa hiyo kama kuna kilichoelea, kiliwafuata studio.

Mengine kwa kifupi. Slim Dunlap aliingia nafasi ya Bob, mtu mzima, mpole. Mwaka 1989 wakajaribu kuwa wastaarabu na albamu ya Don't Tell a Soul, wimbo wake I'll Be You ukafika namba 51 kwenye chati kubwa ya Billboard, na ndiyo juu kabisa waliyowahi kufika. Chris Mars akaondoka 1990, leo ni mchoraji. Shoo ya mwisho Julai 4, 1991, Grant Park, Chicago, redio inarusha moja kwa moja. Wimbo unaendelea, mmoja mmoja anamkabidhi chombo chake fundi wa jukwaani, anashuka. Bendi ikaisha huku mafundi wanapiga.

Fundi Spika
Hapo ndipo walipofanya jambo la akili kwa mara ya kwanza.

Mgusii wa Brooklyn Park
Hawakurudi tena?

Boksi la Kaskazini
Walirudi. Slim alipata kiharusi 2012, wenzake wakaanza kurekodi ili kuchangia matibabu, na kupitia hapo Paul na Tommy wakapanda tena jukwaani kama The Replacements, Toronto, Agosti 2013. Tommy katikati hapo alikuwa amekaa miaka na bendi kubwa ya rock, Guns N' Roses, mnaweza kuamini? Yule dogo wa miaka 11. Septemba 2014 wakapiga nyumbani, St. Paul, uwanjani. Yule mzee wa ghalani alikuwepo. Anasema ilipofika nyimbo za mwisho watu wazima wenye vitambi walikuwa wanalia waziwazi. 2015 wakaachana tena. Slim amefariki Desemba 2024.

Mtu anayetaka kuanza: Let It Be kwanza, halafu Tim. Lakini Tim tafuta toleo la 2023. Ile ya 1985 ilichanganywa vibaya, sauti iko mbali. Mwaka 2023 Ed Stasium akachukua kanda zilezile akachanganya upya.

Juzi nimepita CC Club, baa iliyo mkabala na pale lilipokuwa duka la Jesperson. Watu husema Here Comes a Regular ilitoka humo. Nikaingia nikaagiza soda. Mhudumu akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza, nikasema ndiyo, akanionyesha pa kukaa, maana kile kiti nilichokuwa nimekishika kina mwenyewe.

Basi langu linakuja saa tisa na nusu, nachapa kazi. Tuonane kesho.

Kijiwe Nongwa
"Kina mwenyewe." Aisee.

Mtumishi wa Bwana
Nimesikiliza huo wa baa. Sijasema ni mzuri. Naomba tu kujua kama huyo mwimbaji aliacha pombe.

Chizi Gitaa
@Mtumishi wa Bwana aliacha, mwanzoni mwa miaka ya 90. Alirudia baadaye, kwa maneno yake mwenyewe kwenye mahojiano. Karibu kwenye uzi.

Fundi Spika
Wakuu, nimerudi. Nilikuwa na kazi ya harusi Sinza, nikatumia vyombo kabla ya wageni kufika. Nimepiga Left of the Dial ya 1985 halafu ile ya 2023, mara tatu tatu, kwa sauti ileile.

Ya 1985 dramu iko ndani ya kabati. Besi husikii, unaihisi tu kama jirani anayehamisha vitanda. Gitaa limejaa mwangwi usio na sababu. Mtu akiniletea kazi ile namrudishia hela. Ya 2023 dramu inakugonga kifuani, besi ya yule mtoto iko wazi kabisa, na kumbe alikuwa anajua, anatembea vizuri, habahatishi. Sauti ya mwimbaji imesogezwa mbele, unasikia anavuta pumzi. Kitu kilekile, kanda zilezile. Miaka 38 watu wamesikiliza wimbo ukiwa umefunikwa blanketi.

Vijana waliokuwa wanapanga viti waliacha kupanga. Mmoja ameniomba jina nikamwandikia.

Msimamo wangu juu ya walevi uko palepale. Na ile spika wangenipa mimi.